Kusajili gari ulilonunua kwa mtu binafsi, Kirksville, Missouri

Hii ni kwa mliohamia huku Kirksville karibuni, hasa mnaoanza kazi kiwanda cha nyama kule Milan, ambako bila gari hufiki. Ukinunua gari una siku 30 za kulisajili, na zinahesabiwa tangu siku ya kununua. Zikipita, faini ni dola 25, na kila siku 30 zinazofuata inaongezeka dola 25 nyingine mpaka ifike 200.

Kabla hujatoa pesa, shika hati ya umiliki wa gari mkononi uisome nyuma, pale muuzaji anapojaza jina lako, bei, tarehe na maili. Pasiwe na neno lililokatwa wala kufutwa. Aliyeniuzia alikosea tarakimu moja ya maili, akaikata na kuandika nyingine juu yake. Ofisi ya leseni, kule magari yanakosajiliwa, ikaikataa hati yote, na ni haki yao, kwa sababu hati iliyochezewa haifai tena. Muuzaji ndiye anayepaswa kuomba nakala mpya jimboni, nawe unasubiri huku siku zako zinakwenda. Kwa hiyo mwambie aandike polepole, ukiwa umesimama naye.

Ukaguzi wa gari uache mpaka hati iwe safi. Gari lililozidi miaka 10 au maili 150,000 lazima likaguliwe, na cheti kinadumu siku 60 tu. Changu kilikwisha muda nikisubiri hati, nikalipia ukaguzi mara ya pili.

Karatasi inayowasumbua wageni wengi ni ya kodi ya mali, ile ya kila mwaka anayotozwa aliyekuwa na gari Januari 1. Ofisi ya leseni itadai risiti ya kodi hiyo hata kama umefika Missouri mwezi uliopita. Usipange foleni kwa mtoza kodi wa kaunti, maana hana risiti ya kukupa. Nenda kwa mthamini wa kaunti, yule anayeorodhesha mali za kutozwa kodi, umwambie Januari 1 hukuwa na gari hapa, akuandikie cheti kwamba hudaiwi, nacho ndicho utakachotoa badala ya risiti. Ikiwa siku hiyo ulikuwa unaishi kaunti nyingine ya Missouri, cheti kinatoka huko, si Adair, kaunti ya Kirksville.

Ukishapata hivyo, beba bima, kitambulisho na pesa ya kutosha. Kodi ya mauzo unailipa pale pale: ya jimbo ni asilimia 4.225, halafu kuna ya kaunti na ya mji. Gari la dola 5,000, sehemu ya jimbo peke yake ni dola 211.25.

Mwaka ukigeuka na gari likiwa lako Januari 1, jaza fomu ya mthamini uirudishe kabla ya Machi 1, ulipe kodi kabla ya Desemba 31 na risiti uitunze. Bila hiyo hawatakuongezea muda wa namba za gari.