Namna ya Kupinga Uamuzi Ombi la Fidia ya Kuumia Kazini Linapokataliwa

Mkata miwa wa Muhoroni, mjenzi wa Kisumu au mfanyakazi wa shamba la maua Naivasha anapoambiwa kuwa hatalipwa fidia, swali la kwanza ni hili: aliyekataa ni nani? Chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ya mafao ya wanaoumia kazini, ambayo wengi huiita WIBA, mwenye mamlaka ya kuamua ni Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Kauli ya mwajiri, ya nyapara au ya kampuni ya bima haimalizi jambo. Ukikataliwa na hao, wasilisha dai lako katika ofisi ya idara ya Mkurugenzi huyo kabla ya miezi 12 kwisha tangu siku ya ajali. Mwajiri anatakiwa kuiarifu idara katika muda wa siku 7 tangu apate habari za ajali. Asipofanya hivyo, kosa ni lake, nawe usikae ukimngoja.

Ikiwa uamuzi umetolewa na Mkurugenzi, una siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwa maandishi, tena kwa Mkurugenzi yuyo huyo. Naelewa kwa nini wengi huona ugumu kumrudia mtu aliyewakatalia, lakini huo ndio utaratibu, na anayeuruka akafungue kesi ya kumdai mwajiri fidia katika mahakama ya hakimu huweza kuona kesi ikitupwa huku siku zake 60 zimekwisha. Kifungu cha 16 cha WIBA kinazuia kesi za namna hiyo, na Mahakama ya Juu ilikiidhinisha mnamo Desemba 2019.

Pingamizi lenye nguvu hujibu sababu iliyoandikwa kwenye barua ya kukataliwa, wala si kusimulia mateso peke yake, hata yawe makubwa kiasi gani. Ukiambiwa kuwa hukuwa mwajiriwa kwa sababu ulikuwa kibarua usiye na mkataba, eleza kuwa sheria inatambua mkataba wa mdomo na malipo ya kutwa au ya kazi iliyofanywa, kisha ambatisha ushahidi: taarifa ya M-Pesa inayoonyesha ulivyolipwa, michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), na maelezo yaliyotiwa saini na wenzako. Ukiambiwa kuwa uliumia njiani, angalia ulikuwa umepanda nini, kwa maana safari ya bure katika gari lililotolewa na mwajiri mahususi kuwapeleka wafanyakazi kazini au kuwarudisha huhesabiwa kuwa sehemu ya kazi. Na ukilaumiwa kwa utovu wa nidhamu, kumbuka kuwa sababu hiyo haimnyimi fidia aliyepata ulemavu mkubwa, wala haiwanyimi wategemezi wa aliyefariki.

Wakati mwingine ombi halikukataliwa, ila asilimia ya ulemavu imewekwa chini. Usilidharau jambo hili. Fidia ya ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa mshahara wa miezi 96, kwa hiyo anayepata shilingi 15,000 kwa mwezi atalipwa shilingi 144,000 kwa ulemavu wa asilimia 10, na shilingi 288,000 kwa asilimia 20. Tafuta ripoti ya daktari mwingine inayotaja asilimia kwa kufuata jedwali lililo ndani ya sheria yenyewe.

Katika fomu ya pingamizi, eleza kwa ufupi yaliyotokea na utaje waziwazi unachoomba. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa ubaki nayo.

Mkurugenzi anapaswa kukujibu kwa maandishi, pamoja na sababu, katika siku 14. Usiporidhika, unaweza kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Leba, ambayo huketi Nakuru na Kisumu pia, na hapo ni vyema kuwa na wakili au chama cha wafanyakazi. Muda wa rufaa ni siku 30 tangu jibu likufikie, kwa hiyo siku utakapolipokea, andika tarehe juu ya barua na umwombe aliyekukabidhi atie saini kando yake.