Kabla hujagusa mbegu za ddm1, soma hapa

Mnaotaka kuanza kazi na mutanti ya ddm1 (mmea ambao jeni yake ya DDM1 imeharibika) kwenye Arabidopsis, kile kimmea kidogo cha maabara, nisikilizeni mie nilokwisha lia. Pima jeni za kila mche, usiamini kibandiko cha mwenzio. Mbegu zenyewe kama vumbi, ukipiga chafya tu umeshachanganya koo mbili.

Ujue pia unacheza na nini. DDM1 ni protini inayochoma ATP (nishati ya seli) kusogeza nukleosomu (vifungu vya DNA iliyozungushwa kwenye protini za histoni) ili vimeng'enya kama MET1 na CMT2 vipenye pale DNA ilipobanwa na histoni H1 vikaweke alama za methili (vibandiko vya kikemia vinavyonyamazisha DNA). Ikiharibika, methili ya jinomu nzima inashuka kwa karibu asilimia 70 na transposoni (vipande vya DNA vinavyorukaruka) zilizokuwa zimelala zinaamka.

Sasa kontroli, yaani mimea ya kulinganishia. Hapa ndo niliungua. Nilichavusha ddm1 na mmea wa kawaida, chotara wakajichavusha, kwenye wajukuu nikachagua wenye DDM1 nzima pande zote mbili nikasema hawa ndo kontroli yangu, ndugu wa tumbo moja, rafu moja, taa moja, nini tena? Basi mmoja akagoma kutoa maua, anaongeza majani tu wenzie wameshabeba mbegu, nikipima methili kontroli nayo iko chini. Miezi miwili nalaumu baisalfaiti (kemikali ya kupimia methili), nabadilisha kemikali, narudia, wapi! Kumbe kromosomu zilizotoka kwa babu ddm1 ziliingia uchi, bila methili, na zikabaki uchi, maana DDM1 inasaidia kutunza alama iliyopo, ile iliyokwisha futika haina pa kunakili. Ile jeni ya FWA ambayo kwenye majani inatakiwa inyamaze ilikuwa imewaka, ndo maana maua yakachelewa. Kuna sehemu RNA ndogo huzirudisha taratibu kizazi hadi kizazi, ila FWA usiisubiri.

Kwa iyo kontroli itoke kwenye ukoo ambao haujawahi kupitia ddm1 kamili (yenye nakala zote mbili mbovu), period. Na andika namba ya kizazi kwenye kila bahasha, maana mutanti ikijichavusha mara kwa mara kasoro zinarundikana, ya kizazi cha pili na ya cha saba hata hazifanani. Ukoo utunze kwa chotara, unawachavusha tena na mmea wa kawaida kila mara, mutanti kamili utoe mpya ukihitaji.

Mengine mnayajua, mbegu za mwanzo usizimalize, daftari lipige picha, friza lisijae mpaka mlango haufungi, na mche wa ajabu usiung'oe kabla hujaukata jani.