Kuzima taa za mchana za kuongezwa bila kuharibu nyaya za gari

Ile mistari ya LED inayofungwa kwenye bampa mara nyingi ndiyo inayomaliza betri ya gari lililolala wiki kadhaa, na mingine hufanya FM ikorome. Wengi huikata waya palepale nyuma ya taa. Usifanye hivyo: umeme unabaki kwenye waya uliokatwa, na siku waya huo ukigusa bodi ya gari fyuzi inakatika, au kama fundi hakuweka fyuzi, waya unaungua. Umeme uzimwe unakoanzia.

Mwongozo huu ni wa taa za kuongezwa tu. Zilizokuja na gari nyingi huzimwa kwenye menyu ya dashibodi au kwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Kwa walio Kanada, taa za mchana ni kifaa cha lazima kisheria kwa magari yaliyotengenezwa tangu Desemba 1989, basi ziacheni.

Andaa multimita, koleo ndogo, tepu nyeusi ya umeme na zip tai.

1. Usivue terminali ya betri. Toyota nyingi zilizotoka Japani zikikosa umeme, redio hujifunga na kudai namba ya siri au kadi ya ramani, ambayo mara nyingi haikuja na gari. Kwa kazi hii kuchomoa fyuzi kunatosha.

2. Tafuta kiboksi. Fungua boneti, fuata waya kutoka nyuma ya taa. Utafika kwenye kiboksi cheusi kinachoziwasha na kuzizima, kwa kawaida kimebanwa karibu na betri. Kina waya wa chanya, wa bodi, na mara nyingi wa tatu unaokwenda taa ndogo ili kipunguze mwanga usiku. Rangi zisikudanganye, pima. Swichi ya gari ikiwa imezimwa, chanya kikionyesha volti 12 na ushee, kimetoka moja kwa moja kwenye betri. Kikionyesha sifuri hadi uwashe swichi, kimechukuliwa kwenye boksi la fyuzi. Vile vya betri huwasha taa vikihisi volti zimepanda baada ya injini kuwaka, ndiyo maana taa hukawia kidogo kuzimika ukizima injini. Huo si ubovu.

3. Pima kinachovuja. Kama ni cha betri, zima injini, subiri taa zizimike, chomoa fyuzi iliyo kwenye waya wa chanya na uweke ncha za multimita, ikiwa kwenye ampea 10, mahali pa fyuzi. Ukisoma ampea 0.02, hizo ni karibu Ah (ampea-saa) 14 kwa mwezi. Kwa betri ya Ah 35 hiyo ni mbili ya tano, gari limesimama tu.

4. Ondoa chanzo. Fyuzi ikishatoka, vua na waya wa chanya kwenye betri, usiuache unaning'inia. Ulegeze nati kidogo tu, terminali yenyewe isiachie. Ikiwa umeme ulichukuliwa kwenye boksi la fyuzi, toa kile kiunganishi cha ziada kilichopachikwa mahali pa fyuzi na urudishe fyuzi ya gari, ampea zilezile zilizoandikwa kwenye mfuniko. Kisha washa kila kitu: vioo, waipa, taa za breki.

5. Waya wa tatu. Huu ndio unaosahaulika. Ukiubakiza, taa ndogo zikiwashwa umeme unaweza kurudi nyuma kupitia kiboksi, na LED zikawaka hafifu. Tena kile kibano cha plastiki kilichouunga huwa kimekata nyuzi kadhaa za waya wa asili. Maji yakiingia, shaba hugeuka kijani na taa ndogo zinaanza kukatikakatika. Kitoe, unga upya kwa solda, funga tepu, bana mbali na feni na ekzosi.

Ukitaka kuziwasha upendapo, rudisha fyuzi na uweke swichi ya volti 12, ampea 5, kati yake na kiboksi. Taa mbili za wati 6 hula ampea 1, kwa hiyo fyuzi ya ampea 3 inatosha. Ya 15 haitakatika kabla waya mwembamba haujayeyuka. Waya wa kuingia ndani upitishe kwenye raba iliyopo ukutani mwa injini. Bati tupu hukata ganda la waya taratibu kwa mtikisiko.