SOMO: Visu vya kukunja vya jeshi, kukitambua, kukisafisha na kukinoa bila kukiua

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Leo naleta somo la visu vya kukunja vya jeshi na ntaanza na aibu yangu mwenyewe kabla hamjanichimba.

Babu yangu mzaa mama alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki), wakapelekwa hadi Burma kupigana na Mjapani, akarudi Ujiji na blanketi na kisu. Blanketi lishaoza zamani. Kisu kikaja kwangu, mpini mweusi wenye vimiraba vya kukwaruza, bapa moja pana, opena ya kopo, na mgongoni kuna mwiba mnene wa chuma. Sasa mimi na haraka zangu nikampa yule jamaa anayenoa kwa baiskeli, unawajua wale wanapiga pedali jiwe linazunguka cheche zinaruka, mi nimekaa pembeni natafuna muhogo wa kuchoma. Kugeuza macho naona ncha imepiga bluu, ile rangi ya oili ikimwagika kwenye maji. Chuma kikishafika bluu ile ndo kimeungua, ugumu umetoka, utakinoa asubuhi mchana hakikati hata nyanya. Na jiwe lilikuwa limeshapanda hadi kwenye shina la bapa, pale linapoingia kwenye mpini, likala nusu ya maandishi. Nikalipa buku langu nikaondoka kimya. Kwa hiyo haya nayoandika nimeyalipia.

HATUA YA 1: Jua unachokitafuta

Usianze kwa kununua. Sokoni kila kisu kizito "ni cha jeshi", na hapa kwetu Kigoma mwisho wa reli kuna ugonjwa mwingine, kila kisu cha zamani "ni cha Mjerumani". Nimewahi kuuziwa maneno hayo kwa kisu cha kijani chenye tai kwenye mpini, muuzaji anaapa kabisa kiliachwa na waliokuja na meli ya Liemba. Wakuu, Mjerumani aliondolewa Kigoma na Wabelgiji mwezi wa saba 1916, Tabora ikaanguka mwezi wa tisa mwaka huohuo. Kile cha kijani chenye tai, msumeno na kizibuo cha mvinyo ni cha jeshi la Ujerumani ya Magharibi, Bundeswehr, lenyewe limeanzishwa 1955. Kisu kizuri sana kile, ila historia kiliyopewa siyo yake.

Vya Mwingereza ndo kama cha babu. Tafuta alama ya mshale kwenye chuma, mistari mitatu inakutana juu, kama unyayo wa kuku. Maana yake mali ya serikali ya Uingereza. Vya baada ya vita vingi ni chuma kitupu cha pua, havina mpini wa plastiki. Ule mwiba mnene wa vile vya zamani ni wa kufungulia mafundo ya kamba na kusuka kamba, na mtu wa ziwani akiushika mara moja hauachi. Pale Kibirizi kamba ya boti ikilowa alafu ikavutwa na injini, fundo linakuwa jiwe, meno hayafai, bisibisi inakata nyuzi, mwiba unaingia taratibu unatikisa fundo linalegea lenyewe.

Vya Mmarekani ni chuma kitupu, ubavuni pamegongwa herufi mbili tu, US. Shina la bapa kuna jina la kiwanda, mara nyingi Camillus, na mwaka. Camillus walifunga 2007 kwa hiyo ukiona "kipya cha mwaka huu" chenye jina hilo usidhani umeokota kile cha zamani.

Sasa Mswisi. Hapa watu wengi tunapotea. Kile chekundu chenye msalaba na kizibuo cha mvinyo, ambacho kila mtu anakiita cha jeshi la Uswisi, askari wa kawaida hakupewa. Hicho ni ukoo wa kisu cha maofisa kilichosajiliwa 1897, na ofisa alijinunulia kwa hela yake. Cha askari kilianza na modeli ya 1890, jeshi lilikuwa na bunduki mpya inayohitaji bisibisi kuifungua na vyakula vya kopo vinavyohitaji opena, na cha kuchekesha vile 15,000 vya kwanza vilitengenezwa Solingen, Ujerumani, kwa sababu Uswisi hakukuwa na kiwanda cha kuvitoa kwa wingi. Ndo Karl Elsener wa kijiji cha Ibach akaingia mwaka 1891, na kampuni yake ndo hii Victorinox ya leo. Cha kutafuta wewe ni modeli ya 1961, mpini wa aluminiamu rangi ya fedha wenye vinundunundu usiteleze, milimita 93, hakina kizibuo cha mvinyo, na shina la bapa kuna tarakimu mbili za mwaka, mfano 78. Kiligawiwa hadi 2008 kilipokuja kile cha kijani na cheusi cha milimita 111 chenye kufuli, bapa likifunguka linakazwa lisirudi.

HATUA YA 2: Pa kukipata

Mitumba. Usidharau mifuko ya ndani ya makoti na mabegi, na wale wanaofungua marobota wanajua, kaa nao vizuri waambie ukweli unatafuta nini. Mafundi wa redio na cherehani wazee wanavyo kwenye madroo. Wajukuu wa askari wa KAR. Mimi cha Mswisi nilikipata Mwanga sokoni kwenye beseni la spana na koki za bomba, elfu nane baada ya kuvutana.

Kitu kimoja hapa sitaki utani: ukikuta kisu au kifaa chenye alama ya JWTZ, weka chini nenda zako. Na mtu akikuuzia koti la mabaka pamoja na kisu, chukua kisu acha koti, raia kuvaa nguo za jeshi hapa kwetu ni kosa.

HATUA YA 3: Kagua kabla hujatoa hela

Fungua bapa taratibu. Liendapo mwisho linatakiwa lisikike TAK, lile springi la mgongoni limekaa mahali pake. Likija kimyakimya kama mlango wa chumba cha mgonjwa, springi limechoka. Kisha shika ncha utikise kushoto kulia, likicheza sana ujue ribiti imelegea. Alafu angalia upana wa bapa kuanzia shina hadi ncha, kama limekonda katikati kama sabuni ya wiki mbili basi limenolewa sana, lipite. Mwisho maandishi, yasome kwenye mwanga wa pembeni, tochi ya simu iwe imelala, siyo juu kwa juu.

HATUA YA 4: Usafi

Maji ya vuguvugu, sabuni ya kipande, mswaki wa zamani, na kijiti cha mwanzi cha kuingilia katikati. Fungua vyote, sugua, suuza, anika juani hadi ndani pakauke. Usichemshe, mipini ya pembe na ya plastiki ya zamani inapinda.

Kisha mafuta. Na hapa natangaza rasmi, SIYO MAWESE. Najua sisi watu wa Kigoma mawese ni dawa ya kila kitu, ila mafuta ya kula kwenye kiungo cha kisu yanageuka gundi, vumbi linanasa, baada ya mwezi kisu hakifunguki. Nunua mafuta ya cherehani, tone moja kwenye kila kiungo, fungua funga mara ishirini hivi. Utaona uchafu mweusi unatoka kama wino, futa, weka tone lingine, rudia hadi yatoke meupe.

Kutu ya rangi ya matofali itoe kwa stili wulu laini na mafuta. Lakini ule weusi au ukijivu wa bluu uliotulia kwenye chuma cha zamani, baada ya miaka ya machungwa na vitunguu, uache. (Usichanganye na bluu ya kuungua, ile inang'aa na iko sehemu iliyosagwa.) Unazuia kutu kiasi chake na wakusanyaji wanautafuta. Anayekipiga msasa king'ae kama kijiko cha harusi anaondoa umri wake wote.

HATUA YA 5: Kunoa

Mashine hapana, nishasema. Chukua kipande cha kioo cha dirisha, juu yake bandika msasa wa maji, ule wa wapiga rangi magari, namba 600 kwanza alafu 1000. Lowesha. Laza kisu kisha nyanyua mgongo wake pungufu kidogo ya unene wa penseli, hapo uko kwenye nyuzi 20 hivi. Sukuma mbele kama unataka kumenya msasa, kuanzia shina kuishia ncha, mkono mwepesi, upande mmoja hadi uhisi kwa dole gumba uzi mdogo wa chuma umejikunja upande wa pili. Ule uzi ndo unakwambia umefika, bila huo bado unapapasa tu. Geuza fanya upande wa pili, punguza nguvu, hamia 1000, malizia kwa kukiburuta kinyume kwenye mkanda wa ngozi, mara kumi kumi. Mimi nakijaribu kwa samaki mgebuka, kikipasua tumbo bila kuvuta nyama tumemaliza.

HATUA YA 6: Matumizi

Vingi vya hivi havina kufuli ya kulikaza bapa likiwa wazi, ni springi tu imelishika. Ukichoma nacho kwa mbele au ukizungusha kutoboa ubao, kinakufungia vidoleni. Kazi yake ni kukata kwa kuvuta. Kutoboa kuna kale kakipande kenye ncha, nako kafungue hadi mwisho kwanza. Na ukiazimwa, fungua mwenyewe mpe kikiwa wazi au mkatie wewe, kuna binadamu akipewa kisu anafungulia soda kwa ncha wakati opena iko palepale inamwangalia.

MASWALI

Kasulu Boy: Mkuu shukrani kwa somo. Cha mzee wangu kimekwama kabisa, bapa halitoki, nimetia bisibisi nikabandua kidogo ila wapi.

Jibu: Acha bisibisi kaka, utavunja springi! Kilaze kwenye mafuta ya taa usiku mzima, hata siku mbili, kwenye kopo la blubendi. Kisha gongagonga kwenye ribiti kwa mpini wa mbao, mepesi tu. Likianza kusogea milimita moja usifurahi ukalivuta, rudisha, tia mafuta, sogeza tena. Mafuta ya taa yakishafanya kazi osha na sabuni ndo uweke ya cherehani.

Mnyamwezi wa Ipuli: Huku Tabora sisi ni asali. Nakata masega nacho, nta imeingia kwenye springi kikipata baridi ya asubuhi kinagoma.

Jibu: Asali inaondoka na maji ya vuguvugu, nta ndo mbishi. Kiweke juani saa moja nta ilainike, ifute na kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha mswaki na sabuni. Na ukirudi porini usikikunje kikiwa na asali, kifute kwanza. Nitumie basi lita moja tujue kama ushauri umefika.

Mama Nuru: Mwanangu mimi natumia mkono wa kushoto, nimepewa cha Mswisi na opena ya kopo inanipa tabu.

Jibu: Shikamoo mama. Vingi vimetengenezwa kwa mtu wa kulia, hata kile kijishimo cha ukucha kiko upande mmoja. Cha Victorinox opena yake inakata kwenda mbele, unanasa mdomo wa kopo alafu unanyanyua mkono kidogo kidogo. Kwa kushoto geuza kopo likae upande wa pili wa kisu, na zungusha kopo badala ya kuzungusha mkono. Makopo mawili matatu utakuwa umezoea mama.

Dogo Mwanga: Afande akikukuta nacho unajieleza vipi? Na kwenye ndege?

Jibu: Changu kinakaa kwenye boksi la spana za injini za boti, siyo kiunoni, na akiuliza namwonyesha kazi. Mpirani, baa, mkutanoni kiache nyumbani, huko huna cha kukata. Ndege weka kwenye begi linaloenda chini, ukiingia nacho mkononi utakiacha pale kwenye mashine na hutakiona tena.

Kibirizi One: Bro mbona kile cha kichina cha elfu tatu kinakata vilevile? Tunajichosha tu.

Jibu: Kinakata ndiyo, wiki ya kwanza. Nnacho kimoja mimi mwenyewe, nachokonolea plagi. Kitumie hicho kujifunzia kunoa, ukikiharibu hulii.

Kasulu Boy: Na kile cha babu kilichoungua ulikitupa?

Jibu: Nitupe? Nilikisaga kwa mkono kwenye jiwe la maji siku tatu hadi ile bluu ikaisha, bapa limebaki fupi, maandishi yaliyobaki ni nusu ya jina la kiwanda na miguu miwili ya ule mshale. Kwa mkusanyaji hakina thamani tena. Ila mwiba haukuguswa, na jana jioni umefungua kamba ya boti ya jirani iliyoshinda watu wanne.