Hamu ya Pombe Hujaa na Kupwa: Namna ya Kuivuka Bila Kunywa

Aliyeacha pombe kwa miezi mitatu anaweza kumaliza wiki nzima bila kuiwaza, kisha jioni moja, anapotoka kazini, akajikuta amesimama njia panda, mguu mmoja ukivutwa nyumbani na mwingine ukivutwa kule alikozoea kunywa. Wengi huamini kwamba hiyo ndiyo saa ya kupima nia. Mimi naiona kuwa ni saa ya kufuata maagizo ambayo mtu alijiandikia mapema, akiwa ametulia, kwa sababu kichwa chenye hamu ni wakili hodari wa chupa na hakikosi hoja.

Kabla ya kuendelea, lipo onyo kwa ambaye bado hajaacha. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku asikatishe ghafla bila kumwona daktari. Mikono kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio huanza ndani ya saa 24 za kwanza; degedege huweza kutokea ndani ya saa 48, na kati ya siku ya pili na ya nne baadhi huchanganyikiwa akili na kuona vitu visivyokuwepo, hali ambayo isipotibiwa huweza kuua. Zipo dawa za kuvusha siku hizo kwa usalama.

Zikishapita, linabaki jambo la muda mrefu zaidi. Pombe hupunguza kasi ya ubongo, nao ubongo hujirekebisha kwa kujiongezea msisimko. Pombe inapoondoka, msisimko huo haupungui siku hiyo hiyo, na ndiyo maana usingizi huwa wa mang'amung'amu na hasira huwa karibu kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Ukijua hivyo hutajidanganya kwamba umezaliwa dhaifu. Hamu yenyewe hupanda, hufika kileleni na kushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa hivi, hata usipoipa chochote. Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwafundisha wagonjwa wake kuitazama kama wimbi badala ya kupigana nayo. Keti, tazama saa, kisha uchunguze hamu imekaa wapi mwilini: je, ni koo linalokauka, ni mate yanayojaa mdomoni, au ni kifua kinachobana? Endelea kuichunguza hivyo, ukipumua taratibu, mpaka uione inapwa. Mara ya kwanza utaona kama mzaha, lakini ukishaishuhudia ikipwa mara tatu au nne, vitisho vyake hupungua sana.

Kazi kubwa, hata hivyo, hufanyika kabla wimbi halijaja. Kwa wiki mbili weka daftari dogo na uandike kila hamu inapokujia: saa, mahali, uliokuwa nao, na mara ya mwisho ulipokula. Ukurasa mmoja unaweza kusomeka hivi: "Ijumaa, saa 12 jioni. Sijala tangu asubuhi. Nimefokewa kazini. Nyumbani hakuna mtu." Hapo njaa, hasira na upweke vimekutana kwa wakati mmoja, na uchovu bila shaka haukuwa mbali. Dawa ya Ijumaa kama hiyo ni kula saa 10, kisha kuwa na miadi ya saa 12 na mtu asiyekunywa. Kiapo kipya hakitasaidia, kwa kuwa tumbo tupu halijui viapo.

Chupa zote zitoke nyumbani, hata zile zinazoitwa za wageni, na njia ya kurudi ibadilike ikiwa ile ya zamani inapita mlangoni pa baa. Kuhusu mialiko, katika miezi ya mwanzo usione haya kukosa. Ukilazimika kwenda, shika glasi ya maji tangu unapoingia, kwa maana mkono mtupu hukaribisha kujaziwa, na tayarisha jibu fupi: "Asante, sinywi." Usiongeze sababu. Ukisema unatumia dawa, utaulizwa dozi inaisha lini.

Mwezi Mei 1935 Bill Wilson, aliyekuwa ameacha pombe kwa takriban miezi mitano, alikuwa katika hoteli moja mjini Akron, Marekani, safari yake ya biashara ikiwa imeharibika, na sauti za baa zikimfikia. Alikwenda kwenye simu badala ya kwenda baa, akatafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye, akaelekezwa kwa daktari aliyeitwa Bob Smith; mazungumzo hayo ndiyo yaliyozaa Alcoholics Anonymous, chama cha watu wanaosaidiana kuacha pombe. Lililo muhimu hapa ni mpangilio: simu ilitangulia glasi. Chagua watu wawili leo, waombe ruhusa ya kuwapigia hata usiku, na uwapigie siku ambazo huna shida, ili siku ya shida kidole kiwe kimeshazoea.

Wapo pia wanaohitaji msaada wa dawa, na sioni aibu yoyote hapo. Naltreksoni hupunguza hamu na raha ya kunywa, ingawa haimfai anayetumia dawa za maumivu za jamii ya afyuni. Akamprosati husaidia kudumisha kuacha. Disulfiramu humfanya mnywaji augue vibaya akionja kileo. Daktari ndiye wa kuchagua.

Ukiteleza, lililo hatari kuliko glasi ya kwanza ni wazo linaloifuata: "Nimeshaharibu, acha niendelee." Simama hapo hapo, ondoka mahali hapo, na umpigie mmoja wa wale wawili. Usijaribu kiwango chako cha zamani, kwani mwili uliokaa bila pombe haukihimili tena. Na ikiwa umekunywa siku nyingi mfululizo, rudi kwa daktari kabla ya kukatisha. Kesho yake fungua daftari na usianzie kwenye glasi. Rudi nyuma siku nne au tano, uangalie ni lini uliacha kula kwa wakati, ni simu ipi hukuipokea, na ni jioni ipi ulianza kupita tena ile njia ya zamani.