Kupunguza nyama kwa gharama nafuu: anza na sufuria ya maharage

Usianze kwa kuiondoa nyama mezani. Katika miaka niliyopikia familia nimeona wanaoiacha ghafla ndio wanaoirudia upesi, na mara nyingi chanzo ni maharage yaliyopikwa vibaya: magumu, hayana ladha, yanajaza tumbo gesi. Kwa hiyo jifunze kwanza kuyapika.

1. Nunua makavu. Kikombe kimoja huvimba na kutoa karibu vikombe viwili na nusu vya yaliyoiva. Ya kopo ni rahisi kutumia, lakini unalipia maji na kopo lenyewe. Epuka yaliyosinyaa, yamekaa ghalani mno na yatakumalizia moto bure.

2. Loweka usiku kucha, kisha asubuhi mwaga maji hayo. Sehemu ya vinavyoleta gesi inaondoka nayo. Adesi hazihitaji kulowekwa na huiva kwa nusu saa hivi, ndiyo maana ndizo ninazompendekezea kila anayerudi nyumbani amechoka.

3. Chemsha kwa moto mkali. Tia maji mapya, yaache yatokote dakika 10 kamili, ndipo upunguze moto. Nakusihi usiiruke hatua hii. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu inayoleta kutapika na kuhara, na moto mdogo peke yake hauiondoi. Endelea kupika mpaka punje ipondeke kati ya vidole viwili. Nyanya, ndimu au siki zisubiri hadi hapo, kwa sababu uchachu hufanya ganda ligome kulainika. Chumvi haina neno, itie mapema.

4. Changanya nusu kwa nusu. Ulikuwa unapika nusu kilo ya nyama ya kusaga? Pika robo, nafasi iliyobaki ijaze adesi zilizoiva. Kaanga kitunguu polepole mpaka kiwe kahawia, kisha nyanya mpaka mafuta yajitenge. Utamu unaoudhani ni wa nyama, mwingi unatoka hapo. Wiki chache baadaye, teua siku moja isiyo na nyama kabisa, kisha mbili.

5. Pakua vya kutosha. Gramu 100 za adesi zilizopikwa zina protini gramu 9 hivi, wakati nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, ikishapikwa, ina kama 26. Vijiko viwili pembeni ya sahani havitoshi; jaza bakuli. Kula na nafaka, maana kila kimoja kina asidi amino (vijenzi vya protini) ambazo mwenzake anazo kidogo. Si lazima viwe mlo mmoja, siku moja inatosha. Ongeza tunda chachu ili madini ya chuma yafyonzwe vizuri, na chai ingoje kama saa moja baada ya kula.

Ukifika mahali pa kuacha nyama, samaki, mayai na maziwa vyote, tafuta vidonge vya vitamini B12 au chakula kilichoongezwa vitamini hiyo. Maharage hayana, hata uyale kila siku.