Sola ya pikapu ya kulalia: anza na friji

Kazi yangu ni kufunga umeme kwenye magari ya kambi hapa Arusha, hasa Hilux na Land Cruiser pikapu zenye hema juu ya keria. Wateja huja wakiuliza paneli ya wati ngapi. Mimi naanza na friji, kwa sababu ndiyo inayokula umeme kuliko vyote humo ndani.

Friji ndogo ya kompresa ya volti 12 hula kama wati 45 inapofanya kazi. Kwa joto la Tarangire mwezi wa Oktoba ihesabie nusu ya siku: wati 45 mara saa 12, unapata wati-saa 540. Ongeza 160 za taa, simu, kamera na kompyuta. Jumla 700. Iandike kabla hujaenda dukani, maana muuzaji atakusifia alichonacho.

Betri ya jeli ya volti 12 na Ah 100 (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba) ina wati-saa 1,200 hivi, lakini ukiitumia zaidi ya nusu mara kwa mara itakufa mapema. Kwa hesabu yetu haikutoshi hata siku moja. Ya lithiamu, ile ya LiFePO4, yenye Ah hizohizo hukupa karibu 1,000, na uzito wake ni kama kilo 12 badala ya karibu 30. Bei inauma, ila kwa pikapu inayobeba maji, hema na tairi mbili za akiba, mimi nasema lipa. Usiifunge chini ya boneti, joto la injini litaimaliza.

Kwa jua letu hesabu saa 5 za jua kali, kisha punguza asilimia 30 kwa ajili ya joto, vumbi na waya. Paneli za wati 200 zitakupa zile wati-saa 700. Huku karibu na ikweta paneli ilazwe tu, ila iachie nafasi ya vidole viwili chini hewa ipite, kwani ikichemka umeme unapungua.

Tatizo kubwa ni hema. La kukunjua likishafunguliwa linaweza kufunika paneli yote iliyo nyuma yake. Tena kambini kila mtu anaegesha chini ya mgunga, na kivuli cha tawi moja kwenye kona kinatosha kukata sehemu kubwa ya umeme, kwa kuwa seli zimeungwa mfululizo. Ndiyo maana nagawa: wati 100 juu ya kabini, na wati 100 za kukunja zenye waya wa mita 5, uziweke juani gari likiwa kivulini. Volti za paneli hizo mbili zilingane, uziunge sambamba.

Kontrola, kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri, iwe ya MPPT, ile inayogeuza volti za ziada kuwa chaji. Paneli hutoa volti 18 hivi na betri inataka 14. Kontrola za aina nyingine, za PWM, hupoteza hiyo tofauti. Fyuzi ikae shibiri moja kutoka kwenye betri. Kama unasafiri Juni hadi Agosti, Arusha ikiwa na mawingu, funga pia chaja inayochukua umeme wa alteneta.

Kabla ya safari jaza friji soda zisizo baridi, egesha nyumbani siku mbili bila kuwasha injini. Friji ikizima alfajiri ingawa betri ilijaa jana yake, ongeza betri. Alasiri ikifika betri haijajaa, ongeza paneli.